Bega linagonga mkeka kila nikibingirika: je, nimechelewa kujifunza aikido?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Nina miaka 47, na huu ni mwezi wa nne tangu nijiunge na klabu ya watu wazima ya aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani. Tunafanya mazoezi mara mbili kwa wiki. Mbinu nazipenda, na kuanguka kwa nyuma nimeanza kukuzoea, lakini kubingirika mbele kumenishinda. Upande wa kushoto naenda kwa shida. Upande wa kulia bega linagonga mkeka kila mara, na sasa linauma hata nikililalia. Wiki iliyopita nilitupwa kwa kaitennage, mbinu inayomrusha mtu mbele, nikagonga kichwa kidogo. Nikibingirika mara tano au sita mfululizo napata kizunguzungu mpaka nakaa chini. Mwalimu wangu ananiambia nilegeze mwili na niache woga. Wenzangu wa miaka ishirini na kitu walilijua jambo hili ndani ya wiki chache. Je, umri umenipita? Naweza kuendelea na aikido bila kubingirika? Mtihani wangu wa kwanza wa kyu, yaani wa madaraja ya wanaoanza, ni baada ya wiki kumi.

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza kuhusu umri, lakini barua yako ina mambo manne yasiyofanana: bega linalouma, kichwa kilichogonga, kizunguzungu na woga. Ukiyafunga yote katika furushi moja la uzee, hutapata dawa ya hata moja. Nitayachukua moja moja. La kufanya kuanzia leo ni hili: usibingirike kabisa upande wa kulia kwa wiki mbili au tatu. Mazoezi mengine yanaweza kuendelea, nami nitaeleza yapi.

Umri haujakupita. Mtu wa miaka 47, hata wa 60, anaweza kujifunza kubingirika vizuri. Kilichobadilika ni kiasi cha makosa ambacho mwili unaweza kuyastahimili. Kijana hubingirika vibaya mara nyingi, akapata michubuko miwili mitatu, na katikati ya makosa hayo akaiokota njia sahihi bila hata kujua ameipataje. Kano za bega lako hazina uvumilivu huo tena. Wewe utajifunza kwa hatua fupi ambazo karibu kila jaribio linakwenda sawa. Watu hupenda kumtolea mfano Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, aliyefariki mwaka 1969 akiwa na miaka 85 na ambaye alikuwa mkekani hadi uzeeni. Ni mfano wa kutia moyo, ila zitazame filamu za miaka yake ya mwisho: yeye ndiye anayetupa, na wanaoanguka ni vijana. Usiutumie kujilazimisha.

Sasa niseme wazi kuhusu ushauri wa kulegea. Aliyekupa ana nia njema, lakini kwa kosa ulilonalo unaweza kuliongeza. Mkono uliolegea hukunjika kwenye kiwiko mara tu uzito wa mwili unapoufikia. Kiwiko kikikunjika, hakuna tena kitu cha kukuongoza kuizunguka sakafu, na mwili mzima unashukia ncha ya bega, pale mtulinga unapokutana na mfupa wa bega. Hapo hakuna nyama ya kutosha. Ni mfupa, ngozi na kano fupi. Mkono unaobingirikia unatakiwa uwe umepinda kama upinde na uwe na uhai ndani yake. Njia ya kuupima ni rahisi: nyoosha mkono ukiwa umepinda kidogo, mwombe mwenzako asukume kiganja chako polepole kuelekea kwako. Kiwiko kikifunga papo hapo, umelegea mno. Bega likipanda hadi sikioni, umekaza mno. Unachotafuta ni katikati: mkono unarudi pamoja na mwili mzima huku umbo lake likibaki lilelile. Sehemu zinazopaswa kulegea ni shingo, taya na pumzi. Toa pumzi unapoanza kushuka. Anayeibana hukaza mgongo, na mgongo uliokaza haupindi.

Woga nao una kazi yake. Mwili wako umegongwa begani mara nyingi na kichwani mara moja, kwa hiyo unakataa, na una haki. Huwezi kuuamuru usiogope. Unachoweza kubadilisha ni kimo. Nguvu unayogonga nayo sakafu inategemea umbali ambao uzito wako unashuka. Ukianza ukiwa umepiga goti moja badala ya kusimama, unaupunguza umbali huo karibu kwa nusu. Anza bega likiwa tayari limegusa mkeka, na umbali unakuwa karibu sifuri. Mtu akishuka kimo cha kutosha, woga hupungua wenyewe, shingo inalegea, na ndipo mafunzo yanaanza kuingia.

Ukemi, yaani ufundi wa kuanguka, unasimama juu ya mambo mawili: kusambaza mgongano kwenye eneo kubwa la mwili, na kuurefusha muda wake. Kubingirika mbele kunafanya yote mawili kwa kuufuata mstari mmoja wa mshazari. Kwa upande wa kulia, mguu wa kulia uko mbele. Mstari unaanzia ukingo wa kiganja upande wa kidole kidogo, unapanda kwenye kigasha, unapita ubavuni mwa kiwiko, unafuata nyuma ya mkono wa juu hadi nyuma ya bega la kulia, unakatiza mgongo kimshazari, na kuishia kwenye nyama ya tako na paja la kushoto. Mguu wa kushoto unakunjwa chini, unyayo wa kulia unakanyaga, nawe unainuka ukitazama kule ulikokuwa ukielekea. Kichwa hakimo katika mstari huo hata kidogo. Uti wa mgongo unavukwa mara moja tu, kwa mkato. Kamwe hubingiriki juu yake kwa urefu.

Kwa kuwa njia ni hiyo moja, mahali panapouma panaonyesha kosa liko wapi. Ncha ya bega ikiuma, kiwiko kimekunjika, au umeruka mbele badala ya kuzunguka. Kisogo au utosi ukigusa mkeka, ulikuwa unatazama mbele. Ukigonga mfupa wa chini ya kiuno, umeshuka wima juu ya uti badala ya kwenda mshazari. Vifundo vya miguu vikigongana au kugonga sakafu, umevuka miguu wakati wa kuinuka. Kosa lako la kulia, kwa maelezo uliyotoa, ni la kwanza na la pili kwa pamoja, na mara nyingi hayo mawili huzaliwa na macho. Mtu anayeogopa hutazama sakafu inakomjia. Macho yakienda mbele, kidevu kinainuka, shingo inanyooka, bega linasukumwa chini. Unapobingirika kulia, uso ugeukie kushoto, kidevu kishuke kifuani, na macho yatafute kwapa la kushoto, kana kwamba unataka kumwona mtu aliye nyuma yako. Sikio la kulia lenyewe litajitenga na bega la kulia.

Huu ndio mpango wa kufuata bega likishatulia. Upande wa kushoto unaweza kuuanza sasa, mradi tu hauumi na kichwa chako, kama nitakavyoeleza mbele, hakina dalili yoyote.

Kwanza lala chali, kumbatia magoti, kidevu kifuani, ubembee kimshazari kutoka nyuma ya bega moja hadi tako la upande wa pili na kurudi. Mara kumi kila upande. Zoezi hili linadharauliwa, na ndilo linaloufundisha mgongo wako kuwa wa mviringo. Ukisikia mahali panapogonga wakati wa kubembea, hapo mgongo wako ni bapa. Pumua nje na ukunje tumbo zaidi.

Hatua ya pili ndiyo muhimu kuliko zote kwa mtu mwenye shida yako, na ningependa uikalie wiki mbili nzima. Piga magoti ukiwa umeegemea viganja. Pitisha mkono wa kulia chini ya kifua kuelekea kushoto, kiganja kikitazama juu, mpaka nyuma ya bega la kulia itulie kabisa kwenye mkeka. Geuza uso kushoto. Kiganja cha kushoto kibaki sakafuni kubeba sehemu ya uzito, ili kichwa kisibebe chochote. Sasa inua nyonga, sogeza vidole vya miguu taratibu kuelekea kichwani, na uendelee mpaka mwili upinduke wenyewe. Usiruke, usisukume. Bega haliwezi kugonga kwa sababu tayari limelala chini. Ukihisi uzito unaingia shingoni, simama hapohapo, rudi, sogeza bega ndani zaidi.

Baada ya hapo ndipo unapopiga goti la kushoto, unyayo wa kulia mbele, ukaweka ukingo wa kiganja cha kulia sakafuni, vidole vikielekea nyuma kwenye goti lako, na kuanza kuumba ule mkono wa upinde. Mwanzoni malizia ukiwa umekaa. Kuinuka ni somo jingine, na anayewaza kuinuka kabla ya wakati huharakisha katikati. Kisha uinuke. Kisha uanze ukiwa umechuchumaa, halafu umeinama nusu, halafu umesimama. Mwisho kabisa mwenzako akushike mkono na kukuongoza kwa mwendo wa kutembea, bila kukusukuma.

Kiasi: mara tano hadi nane kila upande, mwanzoni mwa kipindi kabla miguu haijachoka. Usipande hatua mpaka umemaliza vipindi viwili mfululizo bila kugonga popote. Kipimo kizuri ni sauti. Kubingirika kuzuri kunasikika kama mvumo mmoja mdogo. Ukisikia kishindo, kuna kitu kimegonga, na kama vishindo ni viwili katika majaribio matano, rudi hatua moja nyuma siku hiyo. Mwombe mtu akurekodi kwa simu akiwa ubavuni mwako. Tazama kiwiko peke yake kwanza, kisha kidevu.

Mkeka nao uangaliwe. Ile ya judo yenye unene wa sentimita 4 inatosha kwa kazi hii kama imebanana vizuri bila nyufa. Godoro laini sana linavutia mwanzoni, lakini mkono huzama ndani yake na kifundo cha mkono kinapinda. Linafaa kwa hatua mbili za kwanza tu.

Tuje kwenye kizunguzungu. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji yanayoiambia akili kichwa kinageukia wapi. Mtu mzima ambaye hajapinduka tangu utotoni huipa mifereji hiyo mshtuko anapobingirika mara sita mfululizo. Hali hii hupungua kwa dozi ndogo za mara kwa mara, si kwa kuvumilia kichefuchefu. Bingirika mara mbili, simama, kaza macho kwenye kitu kimoja kisichosogea kwa nusu dakika, kisha ubadili upande. Kwa watu wengi mambo huwa nafuu baada ya wiki kadhaa. Lakini jichunguze: je, dunia inazunguka pia unapogeuka kitandani au unapotazama juu, kwa sekunde chache hadi dakika moja? Hiyo yaweza kuwa chembechembe ndogo za sikio la ndani zilizohama mahali pake, jambo linaloongezeka kadiri umri unavyosonga. Linatibika, mara nyingi kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu. Kizunguzungu cha kuinuka tu baada ya kukaa, hasa kama unatumia dawa za shinikizo la damu, ni suala jingine la kumweleza daktari.

Kichwa kilichogonga nisingekipita haraka hata kama kiligonga “kidogo”. Kama tangu siku ile umekuwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kuchukizwa na mwanga au kelele, usingizi uliovurugika, au akili nzito kazini, huenda ubongo ulitikisika, na hakuna kubingirika wala kuanguka kwa aina yoyote mpaka daktari akuone na dalili ziishe. Kurudi ni kwa ngazi: matembezi, mazoezi mepesi, mbinu bila kuanguka, kisha kuanguka, kila ngazi isipungue siku moja, na dalili zikirudi unashuka. Kama kichwa kinauma na kuzidi, unatapika tena na tena, unachanganyikiwa, una degedege, usemi mzito, udhaifu wa upande mmoja, au usingizi usioamshika kwa urahisi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hata kama anajisikia vizuri. Na iwe kanuni kwako kuanzia sasa: kichwa kikigonga, kipindi cha siku hiyo kimekwisha.

Kuhusu bega, siwezi kulipima kwa maandishi, ila kuna viashiria. Ukivusha mkono kifuani kushika bega la pili na maumivu yakatokea juu kabisa, kwenye ncha, kinachoshukiwa ni kiungo cha mtulinga. Ukiinua mkono ubavuni na maumivu yakaja upande wa nje ulipofika usawa wa bega, kinachoshukiwa ni kano zinazolizunguka bega. Vyote huhitaji mapumziko ya kugongwa, si mapumziko ya kutumika. Mkono uendelee kusogea mahali pasipouma. Muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia mapema kama huwezi kuinua mkono, kama nguvu zilipungua ghafla baada ya kuanguka, kama kuna uvimbe au mwinuko kwenye mtulinga, kama mkono unakufa ganzi, au kama maumivu ya usiku yanazidi wiki mbili. Udhaifu wa ghafla baada ya umri wa miaka 40 usiusubirie. Kano iliyochanika hushughulikiwa vizuri zaidi ikijulikana mapema.

Je, unaweza kuendelea na aikido bila kubingirika mbele? Kwa miezi kadhaa, ndiyo, tena bila kupoteza mengi. Mbinu za ikkyo, nikyo, sankyo na yonkyo humalizikia chini kifudifudi, uke (kwa Kijapani, anayefanyiwa mbinu) akishushwa na kubanwa, hakuna kupinduka. Iriminage huangukiwa nyuma. Kotegaeshi ikifanywa polepole unaipokea kwa kukaa chini na kulala nyuma. Inayobaki ni kaitennage na sehemu kubwa ya kokyunage, ambazo humpeleka uke mbele. Kwa hizo mwambie mwenzako kabla hajaanza: “Nitafuata mpaka mwisho, kisha nitapiga goti, usinitupe.” Uke ana haki hiyo, na tori (anayefanya mbinu) anayejua kazi yake atapata mazoezi mazuri ya kujizuia. Kwa muda mrefu, hata hivyo, sikufichi: asiyejua kubingirika huishi kwenye mazoezi akijilinda, hukaza kabla ya kila mbinu, na kukaza huko ndiko kunakoumiza vifundo vya mikono na mabega. Thamani ya kujifunza ni kubwa, ndiyo maana nakushauri mpango mrefu badala ya kuacha.

Shihonage naitaja peke yake. Wanaoanza huiona salama kwa sababu wanaanguka nyuma, lakini mkono wako unakuwa umekunjwa nyuma ya bega, huwezi kuupiga mkekani, na tori akiuvuta chini kwa nguvu kisogo kinafika sakafuni kabla ya mgongo. Mtake mwenzako aushike mkono wako karibu na bega lako, akushushe hadi chini bila kuuachia njiani. Wewe kidevu kifuani, kaa karibu naye, kunja goti la nyuma mapema. Na katika kuanguka nyuma kokote, usipeleke kiganja nyuma kujizuia. Ukishafanya hivyo kwa bahati mbaya, na kishimo kilicho chini ya dole gumba kikauma ukikibonyeza, omba eksirei. Mfupa mdogo wa hapo unaweza kuvunjika na picha ya siku ya kwanza isionyeshe, kwa hiyo maumivu yakiendelea picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Maanguko ya kuruka, yale ya kupinduka hewani na kutua kwa kishindo, huyahitaji sasa na huenda usiyahitaji kamwe. Kataa bila aibu. Kuna pia watu ambao wapate kauli ya daktari kabla ya kubingirika kwa namna yoyote: mwenye mifupa iliyopungua uimara, matatizo ya shingo, aliyewahi kupata tatizo la retina ya jicho, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mwalimu wako ni sehemu ya uamuzi huu. Zungumza naye nje ya kipindi, si katikati ya mkeka. Mweleze bega linauma, kichwa kiligonga, na kwamba unaomba dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi kufanya hatua za chini huku wengine wakibingirika. Mwalimu mzuri atakubali, na mara nyingi atatokea mwanafunzi mwingine anayehitaji jambo hilohilo lakini hakuthubutu kusema. Akikujibu kwamba wote lazima wafanye sawa au waondoke, tafuta klabu nyingine. Ipo tofauti kubwa kati ya mkeka mmoja na mwingine katika namna wanavyowapokea watu wazima wanaoanza.

Kuhusu mtihani, wiki kumi zinatosha kwa upande wa kushoto kufika angalau kwenye goti moja, na upande wa kulia, ukipumzika wiki tatu, kufika karibu hapo. Hazitoshi kukufikisha kwenye kutupwa kwa kasi, na usijaribu. Muulize mwalimu sasa hivi mtihani huo unadai nini, kwa kuwa kila chama kina ratiba yake: je, utaonyesha kubingirika ukiwa umesimama, au unaweza kuanzia goti? Je, unaruhusiwa kuchagua mwenzako? Kama jibu ni lazima kusimama, omba kusogezwa hadi mtihani unaofuata, na wiki kumi hizi uzitumie kwenye hatua ya pili na ya tatu.